Memori za Marehemu Enos

Harufu ilianza asubuhi ya pili baada ya kompyuta kuwekewa memori za marehemu. Ilikuwa ya udongo mbichi, uliochimbuliwa sasa hivi, na ilitoka nyuma ya kompyuta. Benta alifagia chumba, akapangusa meza kwa sabuni, harufu ikabaki palepale. Mumewe Dalmas alimwambia ni mimba tu inayomsumbua pua.

Walikuwa na ofisi ndogo ya kupiga chapa, chumba cha mbele cha nyumba waliyopanga Kondele. Mwaka huo wa 1996 wateja walikuwa wameanza kutaka picha ya marehemu kwenye programu za mazishi, na kompyuta yao kuukuu ikipewa picha ilikuwa inakwama. Fundi Wepukhulu aliifungua, akatikisa kichwa.

"Bwana Dalmas, memori yake ni kidogo, na kadi za memori za siku hizi ni ndefu, haziingii hapa. Hii inataka zile fupi za zamani, nne za aina moja. Tafuta mtu ako na mashine kama hii imekufa."

Waliyempata amekufa ni mwenye mashine. Enos, karani wa Kombewa, alikuwa amezikwa juzijuzi, hajaoa wala kuzaa. Mama yake mzee, Seline, alilitazama tumbo la Benta kwa muda mrefu, kisha akakataa pesa.

"Chukueni tu. Mwanangu hakuacha mtu wa kuitwa jina lake."

Mtu mwingine angeuliza maswali. Dalmas akisikia kitu ni cha bure huwa haulizi. Memori zikaingia vizuri kabisa.

Kompyuta ile ikiwashwa ilizoea kuhesabu memori zake kwa sauti, tik, tik, tik, halafu inanyamaza. Sasa haikunyamaza. Jioni moja stima zikapotea mtaa mzima, na ndani ya kile chumba chenye giza mashine isiyo na umeme ikaendelea kuhesabu, polepole, na Benta aliyekuwa ameegemea mlango akahisi mtoto tumboni anapiga teke kila inapogonga.

"Dalmas, toa hizo vitu," alinong'ona.

"Ongea polepole. Inasikia."

Kesho yake Wepukhulu alizitoa, na Dalmas akaenda kuzitupa ziwani, Dunga. Harufu ikatoka ofisini. Ilihamia chumba cha kulala.

Mtoto akazaliwa mvulana, mzima, na hakunyonya. Alilia tu. Wauguzi walimpima wasione kitu. Mama Aoko, mama yake Dalmas, alikuja kutoka Katito kufanya inavyofanywa kwao: mtoto akilia hivyo, kuna ndugu aliyekufa anayetaka mtoto aitwe jina lake, basi majina yanatajwa moja moja mpaka anyamaze. Alitaja mababu, akataja mashangazi, akataja hata wale wa upande wa Benta, na kilio kikazidi kwenda juu kisha kikaanza kukauka, sauti ya mtoto ikawa nyembamba, midomo ikapasuka, huku harufu ya udongo ikijaa kwenye shuka, kwenye maji ya kunywa, kwenye maziwa yenyewe yaliyokuwa yakimtiririka Benta bila mtu wa kuyanywa.

"Mama, kuna jina moja hatujataja," Benta alisema chini kwa chini.

"Usitaje. Dalmas ameniambia, yule hakuzaa. Mtu wa hivyo ni jachien, pepo mbaya, hatumrudishi kwa nyumba. Ukimwita, atakaa."

"Na nisipomwita?"

Mama Aoko alikuwa anaangalia kifua cha mjukuu wake, ambacho sasa kilipanda kwa shida.

Benta alimwinua mtoto, akasogeza mdomo kwenye sikio lake.

"Enos."

Kilio kikakatika hapohapo. Mtoto akalitafuta titi, akalishika, akanyonya kwa nguvu mpaka Benta akauma meno. Dalmas alitoka nje. Mama Aoko akajifunga leso yake, akachukua mkoba.

"Amepona," alisema akiwa mlangoni. "Lakini mimi sitamshika."

Benta alikuwa na hofu ambayo hakuwahi kuijua maishani, na hakumtoa mtoto kifuani. Alimnyonyesha akiangalia ukuta, kwa sababu mtoto alikuwa akimtazama yeye, bila kupepesa, kama mtu mzima anayemngoja mwenzake amalize kulia ili waongee.