Kiganja Ndani ya Kioo

Haya yalimpata dada yangu wa tumbo moja, nami nikiwa palepale.

Asubuhi ile jua lilikuwa zuri. Nilimwacha mwanangu kwa mama, nikaongozana na dada kazini. Tulikuwa wasafishaji katika chuo cha sanaa, jengo la mawe la zamani sana. Mbele yake walikuwa wamejenga ukumbi mpya wa vioo vitupu, kutoka sakafuni hadi juu. Vioo vyenyewe vinene, hata sauti haipenyi.

Kwa hiyo tuliongea kwa vidole. Dada ndani, mimi nje. Doa likikataa kutoka, unamwonyeshea mwenzako: liko kwako.

"Usisinzie huko nje, mzazi," dada alinitania kabla hajaingia. "Nakuona."

"Na wewe usijitazame sana. Kioo si cha kwenu."

Akaingia akicheka.

Kwenye kioo cha mwisho, kilichofungwa jana yake tu, tulikuta alama ya kiganja. Dada akafuta. Haikutoka. Akaonyesha: kwako. Nikafuta. Nikaonyesha: kwako. Akafuta tena, akatikisa kichwa.

Ndipo nikaona kidole cha mwisho cha ile alama. Kilikuwa kimepinda.

Dada alibanwa na mlango tukiwa wadogo. Kidole chake kilipona hivyohivyo, kimepinda. Na kioo kile alikuwa hajakigusa ila kwa kitambaa.

Nikapiga kioo kumkataza. Hakusikia. Akaweka kiganja chake juu ya alama, kama mtu anayejaribu kiatu. Kikaenea.

Mkono haukutoka tena.

Alivuta. Midomo yake iliita jina langu. Nikazunguka mbio hadi mlangoni, mlinzi wa chuo akanifuata. Ndani tulikuta ndoo na kandambili zake. Povu lilikuwa bado halijakauka.

"Yuko wapi?" mlinzi alinong'ona.

Nikageuka. Dada alikuwa nje, pale nilipokuwa nimesimama mimi. Peku. Anapiga kioo.

Nikatoka mbio. Nje hapakuwa na mtu. Alikuwa ndani.

Nikamwambia mlinzi abaki ndani, mimi nikasimama nje. Akanyoosha kidole: yuko kwako. Nami nikanyoosha changu: yuko kwako.

Tulifanya hivyo mpaka jua likahama. Kisha hatukumwona tena.

Wakubwa wa chuo walisema ametoroka kazi. Kioo wakakibadilisha. Mlinzi hakurudi. Mama bado anamwekea dada chakula, akifunika sahani vizuri isipoe.

Juzi, kwenye dirisha la chumba ninacholala na mwanangu, kilitokea kiganja chenye kidole kilichopinda. Mama akafuta kwa nje. Mimi nikafuta kwa ndani. Tukatazamana, hakuna aliyethubutu kunyoosha kidole.

Leo asubuhi, kando yake, kuna kingine. Kidogo, cha mtoto.

Mwanangu bado hajajua kusimama. Dirisha lile hawezi kulifikia.