Mashine Iliyoacha Kuvuta Sigara

Maiti ya mchimbaji Eliya iliopolewa duarani, shimo la dhahabu la Segese, Jumatano saa nne asubuhi, kucha zimechanika. Mashine inayoendesha pampu ya maji ilizima ghafla, maji yakapanda, na kamba ya winchi ilimkuta ameshakata roho.

Inspekta Rhoda Mageni alimfahamu. Nani hakumfahamu? Eliya alikuwa na kicheko cha kung'oa mabati ya soko.

"Mafuta yaliisha?"

"Tangi limejaa, afande," alisema Mama Zipora, mpishi wa wachimbaji.

"Oili?"

Fundi Thobias alichomoa stiki ya kupimia. "Hii hapa, mpaka alama."

"Na ule moshi?"

Maana mashine hiyo ya mzee Selestine ilijulikana mpaka Kahama. Moshi wake wa bluu, wasema watu, uliwahi kuwapotezea ng'ombe njia mchana kweupe. Kila mtu alikuwa na utani wake kuhusu moshi ule, hata polisi.

"Moshi uliisha Jumapili," alisema Mama Zipora. "Mayu wee, tukamshukuru Mungu!"

Rhoda alikunja uso. Mashine iliyochakaa haiponi kwa maombi.

"Thobias, fungua kava la valvu."

Chini oili tele. Juu, kwenye roka zinazosukuma valvu, kukavu kama Shinyanga mwezi wa tisa. Valvu moja ilikuwa imekwama. Thobias alichokoa kijitundu kinachopandisha oili. Kikatoka kipande cha spoku ya baiskeli.

"Kazi yako?"

"Afande! Valvu zimelegea, oili ilikuwa inapenya inaungua. Ukiiziba isifike juu, moshi unakoma. Siku tatu, nne. Halafu valvu zinakauka, zinang'ang'ania, mashine inazima."

Baiskeli ya Selestine, mwenye duara, iliegemea turubai. Gurudumu la nyuma lilikuwa na pengo.

Mzee alikaa kando ya maiti, kofia mkononi.

"Shikamoo, Baba Juliana."

"Usinipe shikamoo, mwanangu."

"Spoku ni yako?"

"Yangu."

"Una haki ya kunyamaza. Ukisema, naandika."

"Andika. Jumapili wakwe walikuja kumvisha Juliana pete. Nilitaka moshi ukome siku hiyo tu. Jumatatu nitoe."

"Mbona hukutoa?"

"Jumatatu watu walinipongeza. Hongera mzee, umetengeneza mashine! Nikaona haya kuurudisha moshi. Nikasema kesho. Jana nikasema kesho."

"Kwani moshi ungekuua?"

"Ijumaa, kwa Mama Zipora, mtu alisema mashine yangu inavuta sigara pakiti nzima, wakwe watadhani wanaoa kwa wachoma mkaa. Watu wakacheka. Eliya alicheka mpaka akakaa chini."

"Mtu gani?"

Selestine aliinamisha kichwa. "Afande, na hilo niliseme?"

Kalamu ilisimama. Rhoda aliikumbuka Ijumaa ile: sahani ya ugali na sato, benchi zima likimgeukia yeye, na utamu wa kuwachekesha watu wote kwa neno moja.

Akaliangalia blanketi lililomfunika Eliya. Kisha akaandika jina la aliyesema, herufi kwa herufi, na cheo chake.

"Tia sahihi hapa, baba," alisema, bila kumtazama.