Wa Kumi na Saba

Munyiva alirudi Machakos Jumatano jioni. Alhamisi asubuhi, hata sanduku hajalifungua vizuri, akakuta kikombe chake cha chai kimeshanywewa.

Alikuwa ameimimina chai mwenyewe, akatoka nje kuanika nguo, akarudi. Kikombe kitupu. Ukingoni palikuwa na ungaunga mweupe. Akaugusa kwa ulimi, akatema. Chumvi.

"Nani amekunywa chai yangu?"

Mumewe Nzau alikuwa akifunga kamba za viatu aende kwenye karakana yake ya pikipiki. Akacheka. "Ai, Mama Nzisa! Si umeinywa saa hii hapo dirishani, nikikuona? Ulaya imekuvuruga kichwa."

Munyiva akakisuuza kikombe. Labda ni uchovu. Mtu hajawahi kupanda hata lifti, halafu unamrusha mpaka Bahari ya Mediterania na kumrudisha ndani ya siku tisa, unategemea akili ifike siku moja na mwili? Ndivyo alivyojifariji. Lakini moyoni alijua kuna jambo, na alilijua tangu kule kwenye mashua.

Maana safari yenyewe ilikuwa hivi. Munyiva alikuwa msukaji wa vyondo, vile vikapu vya mkonge, na kikundi chao cha akina mama kilialikwa kwenye maonyesho ya kazi za mikono katika mji mmoja wa bandari huko ng'ambo. Wakamchagua yeye kwa mkono wake mzuri. Kwa ulimi wasingemchagua, kwa sababu ulimi wa Munyiva ulikuwa pilipili na mtaa mzima ulijua. Siku ya mwisho, wenyeji wao wakawatoa wageni matembezi ya siku nzima katika kisiwa kidogo kilicho mbele ya mji ule.

Mwongozaji alikuwa msichana mwembamba mwenye mwavuli wa manjano. Aliwabandika kila mmoja stika kifuani, akasoma majina kutoka kwenye karatasi, akawaambia wafuate mwavuli. Wakaufuata. Aliwapeleka kwenye pango ambamo maji yaliwaka bluu kutoka chini, akawapandisha ngazi hadi kanisa dogo jeupe lililoshikilia jabali, kisha akawashusha gatini kwa chakula cha mchana: mkate, samaki wa kukaanga, ndimu, na zeituni ambazo Munyiva alizitema kisirisiri kwenye kitambaa. Alivua viatu akatia miguu baharini, akacheka peke yake. Alifurahi, tusimnyime hilo. Aliwaza, lau Nzisa wangu angeona haya!

Saa kumi alasiri wakakusanyika kwenye mashua. Safari hii mwongozaji hakusoma majina. Alisimama mbele, akanyoosha kidole, akaanza kuwahesabu mmoja mmoja.

Sasa, kwao Kathiani watu hawahesabiwi. Ng'ombe hahesabiwi, sembuse mtoto wa mtu. Ukimuuliza bibi yake, Kamanthe, ana wajukuu wangapi, alikujibu, "Wapo. Wa kunimalizia chakula wanatosha." Kumwelekezea mtu kidole na kumpa nambari ni kumwonyesha kwa mauti, na Munyiva alimfundisha hivyo hivyo binti yake: ukiona kidole kinakuja, toka mahali pale.

Aliposhtuka, kidole kilikuwa kimeshamfikia. Wa tano. Akainama, akateleza katikati ya viti mpaka nyuma kabisa, akaiacha ile nambari kitini kama mtu anayevua nguo iliyochafuka. Kidole kikaendelea hadi nyuma na kumkuta huko. Kumi na saba.

Karatasi ilisema kumi na sita.

Mwongozaji akakunja uso, akahesabu upya. Mara hii Munyiva hakutikisika, alijifunika uso kwa leso tu. Kumi na saba tena. Nahodha akapiga honi, mawimbi yalikuwa yanainuka. Msichana akainua mabega, akakata kumi na sita kwa kalamu, akaandika kumi na saba. Munyiva akakitazama kile kiti alichokiacha mbele. Hakikuwa na mtu. Lakini kilikuwa kimelowa chapachapa, na maji yalikuwa yakidondoka kutoka ukingoni, tone kwa tone, kama pale mtu anapoketi na nguo mbichi.

Hakumwambia mtu. Angeanzia wapi?

Ijumaa alikwenda dukani kwa Mwanaasha kununua sukari. Mwanaasha alikuwa rafiki yake wa miaka, mzaliwa wa Machakos wa wazazi waliotoka pwani.

"Umesahau nini tena?" Mwanaasha akamuuliza.

"Tena? Mimi ndio nafika."

"We mwanamke, usinitanie! Umetoka hapa sasa hivi na pakiti nne za chumvi. Nikakuuliza kama mnakausha papa, ukacheka tu."

Munyiva akarudi nyumbani mbio. Nyumba ilinuka mwani uliooza. Machakos, ambako maji hununuliwa kwa jerikeni na bahari huonekana kwenye kalenda, sakafu yake ya saruji ilikuwa na nyayo mbichi za mtu aliyetembea pekupeku, kutoka mlangoni hadi kitandani. Alizipangusa. Alama ya maji ilipokauka, ikabaki chumvi.

Nzisa, bintiye wa miaka tisa, aliingia kutoka nje nywele zimesukwa vizuri, mistari imenyooka.

"Nani amekusuka?"

"Si wewe, mwaitu," mtoto akasema, akimwita mama kwa Kikamba kama siku zote. "Na leo hukunivuta. Umenisuka polepole ukiniambia hadithi. Umesema nikimaliza gredi ya sita utanipeleka kwa kile kisiwa." Akamtazama mamake kwa wasiwasi. "Kwani umesahau?"

Munyiva akaketi chini. Kilichomuuma kwanza, na usimcheke, ni ile polepole. Yeye alimsuka mwanawe akimvuta na kumkaripia, kila Jumapili, na mtoto hajawahi kumshukuru.

Nzisa alikuwa ameshachukua simu aangalie picha za safari, zile ambazo mwongozaji aliwatumia wote. "Mwaitu, mbona hapa mko wawili?"

Kweli walikuwa wawili. Munyiva mmoja nyuma ya mashua, kajifunika leso. Munyiva mwingine mbele, kitenge kile kile cha kijani, nywele zinachuruzika maji, anacheka.

Alimkimbilia Mwanaasha, akamweleza yote kwa sauti ya chini nyuma ya magunia ya mchele. Mwanaasha hakucheka. Alimpigia simu mjomba wake, Sheikh Nurudin, mzee anayesomea watu waliovamiwa na majini, akafungua spika ili wote wawili wasikie.

"Kuna majini wa gatini," sheikh alisema. "Hukaa pale watu wapandiapo vyombo, na hawawezi kuondoka mpaka wapate nafasi katika hesabu ya watu. Wewe binti uliinuka kwenye nambari yako ukaiacha wazi. Akaikalia. Sasa ana nambari, na mwenye nambari hudai mahali. Mahali penyewe ni pa mtu mmoja tu, hamtatosha nyote wawili."

"Nifanye nini, sheikh?"

"Ngoja Jumamosi ijayo, baada ya sala ya alasiri, nikirudi kutoka Voi. Nitakuja kwako nimtoe. Uwe na ubani. Usimwambie yeyote."

Jumamosi ijayo! Siku nane. Munyiva alizihesabu moja moja.

Kufikia Jumatatu alipakua chakula akakuta yeye mwenyewe hana sahani, na Nzau akala akimsifu mtu aliye upande wa pili wa meza. Jumanne simu yake ilikataa kidole chake, hata akikipangusa namna gani hakikugusa kitu. Jumatano aliamua kukimbilia kwa mama yake Kathiani, akaenda hadi stendi, na makanga wa Machakos, ambao humvuta hata maiti apande, hawakumwita, akasimama pale katikati ya kelele zao hakuna hata mmoja aliyemgusa mkono, basi akashika njia kwa miguu, akapita nyumba za mwisho za mji, akapanda kilima jua likimchoma utosini, akapanda, akapanda, na alipoinua macho alikuwa amesimama mbele ya mlango wake mwenyewe na viatu vimejaa maji.

Sakafu iliyumba chini ya miguu yake kila saa tatu asubuhi, wakati mashua ile inapong'oa nanga. Saa kumi alisikia sauti ya msichana ikihesabu, mbali, kwa upole. Na usiku Nzau alikuwa akiongea na mtu kitandani, akimwambia, "Tangu urudi umekuwa mtu mwingine. Nilikuwa nimechoka na fujo, Mama Nzisa. Haki ya Mungu, nilikuwa nimechoka." Munyiva alikuwa amelala kwenye kochi, macho wazi, akiyasikia yote.

Jumamosi ilipofika alishinda nje mtaani, akangoja hadi adhana ya alasiri ndipo akaenda nyumbani, ubani mkononi kama alivyoagizwa. Akakuta mlango umerudishwa na moshi wa ubani mwingine unatoka chini yake.

Walikuwa wameanza tangu adhuhuri. Kuna mtu alikwenda dukani kwa Mwanaasha akaomba shughuli ifanywe mapema, adhuhuri, na Mwanaasha angejuaje?

Akausukuma mlango. Sheikh Nurudin alikuwa ameketi kwenye mkeka na bakuli la maji aliyoyasomea. Mwanaasha kando, Nzau kwenye kiti, Nzisa amesimama kati ya magoti yake. Na nyuma ya Nzau, mkono begani kwake, alisimama Munyiva, mkavu, msafi, macho mekundu kwa kulia.

"Ndiye huyo, sheikh," yule akanong'ona. "Amevaa nguo zangu. Sikia anavyonuka."

Munyiva akajitazama. Kitenge chake kilikuwa kinachuruzika. Harufu ya mwani ilikuwa inatoka kwake.

"Muongo! Mimi ndiye Munyiva! Mwanaasha, mimi ndiye niliyekwambia, pale kwenye magunia!"

"Msimjibu," sheikh akasema bila kuinua macho. "Mtu asimjibu. Wenye nyumba hii ni wangapi? Nitaufunga mlango kwa idadi hiyo, na atakayezidi atatoka."

Nzau akakohoa. "Tuko tu, sheikh. Sisi... tupo."

"Nataka hesabu, baba."

Nzau akainamisha kichwa, Mkamba wa watu, neno limemkwama. Yule mwingine ndiye aliyeinua mkono. Akanyoosha kidole.

"Mmoja," akasema, kikimwelekea Nzau. "Wawili." Kidole kikamwendea Nzisa, na Nzisa akachutama upesi nyuma ya miguu ya babake, kama alivyofundishwa. "Na mimi, watatu."

"Nzau!" Munyiva alipiga kelele hata koo likamkwaruza. "Umeona? Umekiona hicho kidole? Lini mimi nimemhesabu mtoto wangu? Miaka kumi na mmoja tumekaa, lini?"

Nzau akageuka. Macho yao yakakutana, na Munyiva akaona wazi kabisa kwamba amejua. Alijua. Akamtazama huyu wa mlangoni, aliyelowa, anayefoka, halafu akautazama ule mkono uliotulia begani pake. Kisha akatazama chini.

"Ni sawa, sheikh," akasema. "Watatu."

"Baba, lakini mwaitu hawezi ku..." Nzisa alianza, na babake akamziba mdomo kwa kiganja.

Sheikh akaanza kusoma, na sauti yake ikajaa chumba, na maji ya bakuli yakarushwa yakampata Munyiva usoni yakamuwasha kama moto, akarudi nyuma hatua moja akishika fremu ya mlango, na fremu ikateleza mkononi kama kamba iliyolowa, akaita Nzisa, akaita tena Nzisa, na mlango ukawa unakuja, wenyewe, polepole, na katika ufa wa mwisho aliona macho ya mwanawe yakimtafuta juu ya vidole vya babake, na mlango ukagonga, na mgongo wake ukapiga jiwe.

Lilikuwa jiwe jeupe, lenye joto. Jua lilikuwa linawaka. Mbele yake bahari, ya bluu, imetulia, na juu ya jabali kile kikanisa.

Mashua huja saa nne asubuhi na kuondoka saa kumi. Watu hushuka na stika zao, hufuata mwavuli wa manjano hadi pangoni, hupanda ngazi, hula samaki na zeituni hatua mbili kutoka alipo. Hakuna anayemwona. Amejaribu kupanda nao, mara nyingi. Husimama mbele kabisa, yeye aliyekikimbia kidole, akatoa kifua na kusema, "Nihesabu. Dada, tafadhali, nihesabu." Kidole hupita juu yake kama kinavyopita juu ya mapipa na kamba. Hesabu hutimia, honi hulia, naye hujikuta yuko juu ya jiwe, anatazama povu.

Anajua kitu kimoja tu kitakachomtoa: mtu atakayeogopa kuhesabiwa, atakayeinuka na kuacha nambari yake kitini. Wageni wa huku hawaogopi, hucheka na kupunga mkono. Kwa hiyo kila mashua ikitia gati huwakagua uso kwa uso, akitafuta mtu wa kwao.

Halafu hukumbuka ni nani aliyeahidiwa safari hii akimaliza gredi ya sita, na ni nani aliyemfundisha kukimbia kidole. Hapo hufumba macho akaomba asimwone, na huyafumbua tena kabla abiria wa mwisho hajashuka.