Sweta Jekundu la Rosebella

“Umelikata?”

“Nimelikata, Barnabas. Tangu Jumatatu.”

Sidi hakuinua kichwa. Kulabu ilizama kwenye kitambaa cha gunia alichokuwa akishonea zulia, ikaibuka na kitanzi cha sufu. Asubuhi alikuwa amemtumia Barnabas, mchumba wake, ujumbe: “Zulia la chumba chetu linakaribia kwisha. Lile sweta jekundu limependeza!” Barnabas alisoma neno jekundu, akapiga simu, haikupokelewa, akatoka mbio hadi hapa Majengo.

Sasa amesimama mlangoni anangoja uchungu uje. Hauji. Miaka mitatu kifua chake kina ganzi, kama fizi iliyodungwa sindano.

“Lilikuwa la Rosebella, marehemu mke wangu. Alilivaa kila tukipanda basi Mwembe Tayari kwenda kwao bara, kwenye baridi.”

“Ulinipa gunia zima la nguo. Ukasema, ‘Kata yote, joto hili nani atavaa sufu?’”

“Sikujua limo! Waulize wakubwa wa hospitali aliyofia. Mtungi wa hewa umeisha wodini, wao wako mkutanoni. Na wale wa kazini wakanipa siku tatu za kuzika. Siku tatu! Nguo ningezipanga saa ngapi?”

“Hao wana lao la kujibu. Lakini gunia hili ulilifunga wewe, bila kutazama.”

Barnabas akaliinamia zulia.

“Na umeliweka katikati, tumkanyage?”

“Ndilo lililokuwa zuri kuliko yote. Ningejua la nani?” Sidi akamsukumia zulia. “Unalitaka? Vuta. Halina fundo hata moja, vitanzi vinashikiliana kwa kubanana tu. Mchukue mkeo, nami nijue harusi haipo.”

Barnabas akashika ncha, akavuta. Tup, tup, tup. Utepe mwekundu ukamjaa kiganjani. Pembeni, vitanzi vya manjano vikaanza kulegea navyo.

“Hivi navyo?”

“Koti langu. Nililikata ili tuwe sote humo.”

Mkono ukasita. Kitu kikamchoma kifuani, kidogo tu, kama ganzi inayoachia.

“Nipe kulabu.”

“Hujui hata kuishika.”

“Nionyeshe. Nilichotoa nitakirudisha mwenyewe.”

“Kisha tulitundike ukutani?”

“La. Litandike upande wangu wa kitanda. Rosebella alikuwa akinigombeza kila siku nikikanyaga saruji bila kandambili.”

Sidi akasogea, akamshika vidole. Kitanzi cha kwanza kikatoka kirefu kama sikio la punda.

“Rudisha nyuma kidogo,” akasema. “Rudisha, bwana harusi.”