Sauti ya Praxeda

Kila asubuhi, kabla ya uji, mzee Tadeo alimwashia mjukuu wake televisheni ili amwone mama yake.

Mama huyo, Praxeda, binti wa Tadeo, alifariki mwezi wa saba. Alikuwa mpiga picha katika mtaa wao wa Chumbageni. Alipiga picha za harusi, kipaimara, hata maulidi. Kazi zake zote alizihifadhi katika kisanduku cheusi kilichokaa juu ya kabati la sebuleni. Yeye alikiita seva. Ndani yake mlikuwa na diski mbili, na televisheni ilichukua picha kutoka humo. Saratani ilipomlaza, alianza kujirekodi akizungumza na binti yake. "Precious, leo nakufundisha kufunga viatu." "Precious, ukianza shule usiogope." Video zilikuwa kumi na moja. Mtoto huyo wa miaka mitano alizijua zote kwa moyo.

Asubuhi moja ya mwezi wa tisa umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena, kisha ukarudi kwa kishindo. Televisheni iliwaka. Seva haikuwaka. Taa yake ilipepesa, feni ikavuma kidogo, halafu kimya. Ikaanza upya. Kimya tena.

"Babu, mama yuko wapi?" Precious aliuliza.

"Anakuja, mjukuu wangu."

Tadeo alizima na kuwasha. Akazima na kuwasha tena. Kufikia adhuhuri alikuwa amepoteza hesabu.

"Acha," mkewe Ruthi alimwambia. "Mngoje Hafsa."

Hafsa binti Uweso alikuwa jirani yao na fundi wa kompyuta katika ofisi moja ya mjini. Lakini alikuwa Pangani kikazi hadi Ijumaa, na siku hiyo ilikuwa Jumanne. Usiku mtoto alilala akilia. Tadeo hakuweza kuvumilia. Alimpigia simu mwanawe Manase, muuza vipuri vya pikipiki kule Maramba. Manase alikuwa na laptop, na katika familia yao hiyo ilitosha kuitwa mjuzi.

Alifika kesho yake. Alichomoa diski moja, akaiunganisha na laptop kwa waya. Maandishi yalitokea.

"Inasema diski haisomeki," Manase alisema. "Inataka kufomatiwa."

"Ndiyo nini?"

"Kusafishwa, baba. Nadhani ikisafishwa itafunguka."

Tadeo alimtazama mjukuu wake pale mlangoni. "Basi isafishe."

Kazi hiyo ilichukua saa tano. Ilipokwisha, diski ilifunguka kweli. Ilikuwa tupu.

Manase alinyoosha mkono kuichukua diski ya pili. Ruthi alisimama mbele ya kabati.

"Hiyo hamuigusi," alisema. "Mtakuwa mmeniua mimi kwanza."

Ijumaa jioni Hafsa alifika hata kabla ya kubadili nguo za safari.

"Shikamoo mzee Tadeo. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Tumeharibu."

Hafsa alisikiliza yote bila kumkatiza mtu. Kisha alianza kazi, na kila alichofanya alikieleza.

"Kitu kisipowaka, usizime na kuwasha mara kwa mara. Kama kuna diski inayougua, unaimaliza. Kwanza natazama umeme." Alipima adapta kwa kipimo chake. "Huu ni mzima. Sasa naitoa diski iliyobaki. Naiandika namba ya mahali ilipokuwa, nisije nikaichanganya. Halafu nawasha kisanduku kikiwa kitupu."

Kisanduku kilifanya vilevile: kikawaka, kikazimika, kikaanza upya. Hafsa alikiunganisha na skrini. Mstari mmoja wa maandishi ulitokea.

"Kinasema hakuna mfumo wa kukiwasha," alieleza. "Mfumo huo haukai kwenye diski zile. Unakaa kwenye flashi ndogo, hii hapa ndani. Umeme umeiua."

"Kwa hiyo diski hazikuwa na kosa?" Manase aliuliza.

"Hazikuwa na kosa la kuzuia kuwaka."

"Mbona laptop ilisema ile moja haisomeki?"

"Laptop haikujua lugha ya diski hiyo, kaka Manase. Kutoielewa diski si dalili kwamba imekufa. Chombo kikikuuliza kama kifomati, na ndani mna vitu unavyovitaka, jibu ni hapana. Kila mara hapana."



Hafsa aliweka flashi mpya, akaiwekea mfumo, akairudisha diski iliyobaki. Seva iliwaka. Mafaili yalijitokeza, na Ruthi akapiga vigelegele. Hafsa hakutabasamu.

"Diski hii ilijitenga na mwenzake mwezi wa tatu," alisema. "Hizi mbili huandika kitu kimoja, kama Kulwa na Doto, ili mmoja akiugua mwingine abaki. Huyu aliugua. Baada ya hapo yule mwingine aliandika peke yake. Hakukuwa na taa nyekundu? Hakukuwa na mlio?"

Tadeo alikumbuka. Mlio ulimsumbua mgonjwa. Alibonyeza kitufe, ukanyamaza. Hakumwambia Praxeda, maana hakutaka kumwongezea mzigo.

"Ulikuwapo," alisema. "Mimi niliunyamazisha."

"Basi yaliyomo humu yanaishia Machi."

"Na yale mengine?"

"Yalikuwa kwenye ile iliyofutwa. Nitajaribu, lakini ilifutwa yote, mwanzo hadi mwisho. Nisikudanganye, mzee wangu."

Alijaribu kwa siku tatu. Hakupata kitu. Kati ya video kumi na moja zilibaki nne. Zile za mwisho, ambazo Praxeda alizirekodi akiwa hana nguvu hata ya kukaa, zilikwenda na mwenyewe.

Vilivyobaki Hafsa alikuwa amevihamisha Ijumaa ileile, kabla diski mgonjwa haijafa. "Diski mbili katika kisanduku kimoja si akiba," aliwaambia. "Radi moja huzimaliza zote. Wekeni nakala nyingine nje ya kisanduku, na nyingine nje ya nyumba hii."

Wakafanya hivyo. Walinunua diski mpya na betri ya akiba ya kuzuia umeme wa kishindo. Kila mwezi Tadeo alitoa nakala, na Manase alikuja mwenyewe kuichukua kuipeleka Maramba. Hakukosa hata mwezi mmoja.

Masika iliyofuata, mlio ulisikika tena. Tadeo hakubonyeza chochote kabla ya kusoma maandishi ya seva kwenye skrini. Diski namba moja ilikuwa inaugua. Alizima seva vizuri, akamwita Hafsa, na jioni hiyo diski nyingine ikawekwa. Safari hii hakikupotea hata kipande.

Siku iliyofuata Precious alitazama zile video nne, kisha akageuka.

"Babu, ile mama anaimba imekwenda wapi?"

Manase, aliyekuwa amekuja kuchukua nakala, alitazama chini.

"Imepotea, mjukuu wangu. Haitarudi."

"Nani kaipoteza?"

"Mimi," Tadeo alisema. "Nilikuwa na haraka ya kukuonyesha."

Mtoto alifikiri kidogo. Kisha akapanda mapajani mwa babu yake, akaanza kumwimbia ule wimbo, maneno aliyoyakumbuka. Manase alitoa simu yake, akabonyeza kurekodi.