Wimbo wa Mzee Gusti

Kila asubuhi kabla ya shule, mjukuu wangu Rupa huchukua kebe letu la chuma na kwenda kuteka maji kwenye bomba la mtaa wetu sisi Waroma, ambao wengine hutuita Wajipsi, ng'ambo ya reli. Mimi huwasha jiko. Akirudi hukuta kahawa yangu na maziwa yake viko tayari, naye hunywa akitazama reli. Ndiyo reli ya kwenda Vienna, ambako mama yake husafisha vyumba vya hoteli. Tangu mama aondoke, nyumba yetu ina watu wawili na viti vitatu.

Zamani Rupa alikuwa na rafiki mmoja, jirani yetu Mzee Gusti, aliyekuwa mfanyabiashara wa farasi. Jioni mzee alimkalisha jikoni kwake, akamfundisha wimbo alioutunga ujanani, siku mafuriko yalipomchukua farasi wake mweupe. Alimfundisha pia kupiga besi kwa mdomo, bu-u, bu-u, maana kwetu mdomo ndio ngoma, na kebe la maji ni mwenzake.

Mwaka jana, majani yalipoanza kupukutika, Mzee Gusti alifariki. Mkewe Veronka alivaa nguo nyeusi, akafunika redio kwa kitambaa, akaanza mwaka wake wa kukaa bila muziki, kama ilivyo desturi yetu. Rupa akaacha kwenda kule. Jioni zikawa ndefu.

Theluji ilipoyeyuka, baba yake Lali, mvulana anayesoma na Rupa, alitualika kwenye ubatizo wa mtoto wake mchanga. Rupa alisuka nywele mara mbili.

"Bibi, leo nitaimba," aliniambia.

"Utaimba upi?"

"Utausikia."

Nilipaswa kuuliza zaidi. Sikuuliza.

Uani kwa Lali tulikula kabichi iliyofungiwa nyama na mchele. Kisha baba yake Lali akasimama, akavua kofia. "Ndugu zangu, naomba ruhusa. Wimbo huu ni wa marehemu mama yangu, na kaka yangu mkubwa ameniruhusu kuuimba."

"Imba, uwe na afya," tulijibu.

Alipoanza, vijiko vikagongana, kebe likalia, na midomo yote ikambeba. Kwetu mwimbaji haachwi peke yake.

Alipomaliza, Rupa akainuka. Hakuomba ruhusa. Hakutaja jina la mtu. Alianza tu, na sauti yake ilikuwa safi kama maji ya bomba asubuhi. Ubeti wa kwanza tulimwitikia. Ubeti wa pili tukautambua kuwa ni wa Mzee Gusti, na kebe likanyamaza. Kisha vijiko. Kisha midomo, mmoja baada ya mwingine, mpaka mjukuu wangu akabaki anaimba peke yake mbele ya watu arobaini.

Mama yake Lali akamwuliza taratibu, "Binti, wimbo huu ni wa nani?"

Rupa alitazama nyuso zote. "Wangu," akasema. "Nimeutunga mwenyewe."

Hakuna aliyemgombeza. Baba yake Lali alimwongezea kabichi kwenye sahani, akamwambia, "Kula, binti." Wema huo siusahau. Lakini hakuna aliyemwomba aimbe tena. Nyumba ya pili kutoka pale, niliona dirisha la Veronka likifungwa.

Kesho yake bombani Lali alisema, "Jamani, mpisheni mtunzi achote maji."

"Mwache, kesho atatuambia hata reli ameijenga yeye," mwingine akadakia, wakacheka.

Baada ya shule watoto walikuwa wakicheza ngoma barabarani. Rupa aliingia katikati, akainua mikono, na kebe likanyamaza. Lali aliinamisha kichwa. "Sikuchukii," akasema. "Mama kasema tusikupigie kebe mpaka umalizane na Bibi Veronka."

Siku tisa Rupa alikaa kwenye ngazi ya mlango wetu, akisikiliza makebe ya wenzake kwa mbali. Jumapili mama yake alipiga simu. "Niimbie kidogo, mwanangu, nikusikie." Rupa akanipa simu, akatoka nje.

Nilimfuata. "Nilitaka tu waniitikie, Bibi," aliniambia. "Nilitaka niwe na kitu changu."

"Najua."

"Mzee Gusti angenikasirikia?"

"Mwulize aliyeishi naye miaka arobaini."

Alitazama nyumba ya Veronka. "Utanisindikiza?"

"Mpaka langoni."

Nikabaki langoni. Veronka alikuwa amekaa mlangoni, akimenya viazi.

"Bibi Veronka," Rupa akasema, "niliimba wimbo wa mzee bila kukuomba. Halafu nikasema ni wangu. Nilidanganya."

Veronka alimaliza kumenya kiazi alichoshika. "Niliusikia. Nusu mwaka sikuwa nimesikia wimbo wowote, na wa kwanza kunifikia ukawa wake. Niliweka kisu chini nisikilize. Kisha watu wakaja kuniambia ulivyosema."

"Nisamehe, Bibi."

"Kuimba bila kuniuliza, ningekusamehe siku ileile. Lakini sisi hatukuachiana mashamba wala vitabu, mwanangu. Gusti ameniachia kofia moja na wimbo mmoja. Ukiliondoa jina lake kwenye wimbo, mimi nibaki na kofia?"

Rupa akalia. Veronka akamfuta machozi kwa ncha ya aproni.

"Tena farasi hakuwa wa kijivu kama ulivyoimba. Alikuwa mweupe. Ukiimba, imba sawasawa." Kisha akapaza sauti, "Nawe unayejificha langoni, ingia. Kahawa ipo."

Tangu siku hiyo Rupa alikwenda kwa Veronka kila Jumamosi. Hawakuimba, kwa sababu ya msiba. Walitamka maneno tu, polepole, huku wakimenya viazi.

Mwaka ulipotimia, Veronka aliondoa kitambaa kwenye redio, akatuita sote uani kwake. Alimwaga kinywaji kidogo chini kwa ajili ya marehemu. Rupa akasimama.

"Ndugu zangu, naomba ruhusa. Wimbo huu ni wa Mzee Gusti. Bibi Veronka ameniruhusu. Mstari wa mwisho tu ndio wangu."

"Imba, uwe na afya."

Alianza. Hakuna aliyeitikia, nami nikaogopa. Wote walikuwa wakimtazama Veronka. Ndipo kutoka kwenye kiti chake ikasikika sauti ya kukwaruza: bu-u, bu-u. Kebe la Lali likamfuata, kisha vijiko, kisha sisi sote. Farasi alikuwa mweupe. Mwisho Rupa akaimba mstari wake:

*Ewe reli uliyemchukua mama, kiti chake nakipangusa kila siku.*

Veronka alimvuta karibu yake. "Huo ni wako," akasema, "na hakuna atakayebisha. Anayetaja kilicho cha mwenzake huaminiwa anapotaja kilicho chake. Anayeiba hata wimbo, ataimba peke yake."

Mama yake bado hajarudi. Lakini Jumapili iliyofuata alipopiga simu, Rupa alimwimbia wimbo wote, na kabla ya kuanza alimtajia ni wa nani. Mimi ndiye niliyeshika simu, kwa kuwa mikono ya Rupa ilikuwa inapiga kebe.