Mjomba Tadjidine na Raga ya Watu Kumi na Watatu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kamaria alichota maji, akafagia ua, kisha akampelekea chai mjomba wake, Tadjidine. Mjomba alikuwa amerudi Moroni mwaka wa pili baada ya uhuru wa Komoro, baada ya kuishi Ufaransa tangu ujana wake. Pua yake ilikuwa imepinda, masikio yamejikunja, na goti lake moja lilikuwa gumu kukunja. Alimtania Kamaria kwamba sukari ya chai ile ingetosha mtaa mzima.

Nyumbani Kamaria alimpenda sana. Nje alimwonea haya, na si kwa sababu ya pua. Mjomba hakuwahi kufanya arusi kubwa, ile ya kulisha mji mzima, na mwanamume asiyeifanya, hata awe na mvi, huhesabiwa kijana tu. Serikali mpya ilikuwa imepiga marufuku arusi hizo, lakini kwenye uwanja wa mkutano watu walikaa vilevile kama zamani. Wakubwa walikaa mbele, na Mjomba Tadjidine nyuma kabisa, pamoja na wavulana wasioota ndevu.

Siku moja wasichana walipokuwa wakitoka shule, mmoja wao, Nadjati, alimwona Mjomba amebeba mkungu wa ndizi.

"Kamaria, yule kijana mzee si wa kwenu?" aliuliza, na wenzake wakaangua kicheko.

"Yule? Ni mpangaji wetu tu," Kamaria alijibu haraka.

Mjomba alikuwa karibu, akasikia. Aliuweka mkungu vizuri begani, akaenda zake akichechemea. Siku hiyo chakula kilimshinda Kamaria, na hakuthubutu kumtazama mjomba wake usoni.

Wiki iliyofuata mwalimu wao, Fakri, ambaye mwenyewe alikuwa amemaliza shule juzi tu, alileta mgeni darasani.

"Huyu bwana alicheza raga ya watu kumi na watatu huko Ufaransa," alisema.

Kamaria alitamani ardhi ipasuke immeze. Mgeni alikuwa Mjomba Tadjidine.

Mjomba alisimulia jinsi alivyopanda meli katika mji wa Mutsamudu, akaenda kubeba magunia katika bandari ya Marseille. Timu moja ilimchukua kwa ajili ya mbio zake. Mpira wao ulikuwa na umbo la yai, na mchezaji alikimbia nao mkononi mpaka ng'ambo ya mstari wa wapinzani. Mchana alibeba magunia, jioni alifanya mazoezi, na Jumapili alicheza mechi. Pua ilivunjwa na kiwiko cha mtu. Goti lilipoumia, mchezo wake ukaishia hapo.

"Na malipo yako uliyafanyia nini?" Nadjati aliuliza.

"Nilimjengea dada yangu nyumba. Si ndiyo desturi yetu? Ilipokwisha, hakikubaki kitu cha arusi."

"Basi una jamaa hapa shuleni?" Mwalimu Fakri aliuliza.

Mjomba alimtazama Kamaria, kisha akatazama dirishani.

"Hapana, Mwalimu. Mimi ni mpangaji tu pale mtaa wa Magoudjou."

Uso wa Kamaria ukawaka moto. Mtu mzima alikuwa amesema uongo mbele ya watoto ili kumsitiri yeye! Aliinuka.

"Si kweli, Mwalimu. Nyumba aliyoijenga ndiyo tunayoishi sisi. Huyu ni mjomba wangu. Mimi ndiye niliyemwita mpangaji, kwa sababu nilimwonea haya."

Hakuna aliyecheka. Nadjati aliinamisha kichwa. Kamaria alikwenda mbele, akanyoosha viganja vyote viwili kama mtoto anavyomwamkia mkubwa wake.

"Nisamehe, Mjomba."

Mjomba aliipokea mikono yake. "Nimekusamehe, mwanangu."

Nyumbani Kamaria alimweleza mama yake kila kitu. Mama aliacha kukuna nazi, akajifuta mikono.

"Umefanya vizuri kuomba radhi mbele ya watu, kwa kuwa ulimkana mbele ya watu," alisema. "Usipime heshima ya mtu kwa mahali anapokaa mkutanoni. Tazama amewatendea nini watu wake. Na ukidanganya kwa kuogopa kuchekwa, Kamaria, aibu yako ataibeba mtu mwingine. Wiki nzima mjomba wako aliibeba, na kila asubuhi alikunywa chai yako akakushukuru."